Nyumba Iliyosimama kwa Kabari

Milimani kwao ardhi ilikuwa imegawanywa hadi ikakosa maana. Babu wa ukoo alikuwa na mteremko mzima, wanawe wakapata vipande, wajukuu wakapata vipande vya vipande, na siku mwanamke mmoja alipoolewa katika ukoo ule wifi yake alimwonyesha sehemu yao kwa kidole kimoja, akasema, "Ukilala usinyooshe miguu, wifi. Utaamka uko kwa jirani."

Alicheka, kwa sababu bibi harusi hucheka. Lakini maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na miaka ya kupika, kulea na kupalilia vimistari vya mahindi haikuung'oa.

Mumewe alikuwa fundi wa vitanda. Kila mtu alimwita Fundi, hata yeye mkewe. Alikuwa kitinda mimba, mpole, mtu wa mikono inayojua kazi na mdomo usiojua ugomvi. Kwa hiyo habari zilipofika kwamba nchi ya jirani imefungua uwanda wa vichaka na inawakaribisha wakulima kutoka popote, si Fundi aliyesema twende. Ni mkewe. Alisema akiwa ameinama anachambua mboga, bila kuinua macho, na Fundi akajua kwamba jambo hilo limekwisha amuliwa tangu zamani na yeye ndiye wa mwisho kuambiwa.

Masharti ya uwanda yalikuwa mawili. Ufyeke na ulime. Na ujenge nyumba ya kudumu. Baada ya misimu kadhaa ya mvua mkaguzi angepita. Akiridhika, ardhi ni yako, ya watoto wako na ya watoto wao. Asiporidhika, inakwenda kwa wanaongoja. Nao wanaongoja walikuwa wengi, kwenye mahema kando ya barabara, wakiwatazama waliotangulia kama fisi anavyoutazama mkono wa mtu anayetembea.

Mama mkwe alikwenda nao. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyethubutu kumuuliza sababu. Alikuwa mjane, mumewe amelala nyuma ya nyumba ya kifungua mimba wake kule milimani, na kila mtu alidhani angebaki karibu na kaburi lile. Siku ya safari alipanda lori wa kwanza, akakaa juu ya gunia la mbegu, akanuna hadi walipovuka mpaka.

Walipofika waligawiwa viwanja kwa kura. Fundi alipata kiwanja cha juu kidogo, udongo mwekundu wenye changarawe. Cha pembeni, kilicholala bondeni, kilikuwa na udongo mweusi tititi, naye mkewe aliushika, akaunusa, akauvunja kwa kidole gumba. Kwao udongo mweusi ndio udongo wa heshima. Mchumba mwenye udongo mweusi hakataliwi na wakwe. Udongo mwekundu ni wa kufinyangia vyungu na kuzikia watu.

Cha bondeni kilikuwa kimemwangukia mwashi mmoja mcheshi aliyetoka pwani ya mbali.

"Mnataka tubadilishane?" mwashi aliuliza. "Ni wewe unayetaka, au mumeo?"

"Sisi."

"Fundi, unasikia? Mkeo anakuacha wewe anaolewa na matope."

Fundi alimtazama mkewe. "Akisema sisi, ni sisi," alisema.

Wakapeana mikono mbele ya mpima ardhi. Mwashi akaondoka akipiga mluzi, na mluzi ule baadaye ulimrudia mama huyu mara nyingi, hasa akiwa peke yake shambani.

Mahindi hayakumwaibisha. Yalipanda juu kama yanayoitwa, na mazao ya kwanza yalijaa hadi wakakosa pa kuyaweka. Kilichomwaibisha ni nyumba. Watu wa milimani husifu nyumba kwa kile kisichoonekana. Mgeni haulizi paa lako ni la nini. Anauliza nguzo zimezama kiasi gani. Kwa hiyo Fundi alichimba mashimo ya kumfika mtu kifuani, akasimamisha nguzo nzito, wakakandika kuta nene za kuzuia baridi, ingawa uwandani hapakuwa na baridi ya kuzuia. Ilikuwa kiangazi. Udongo ulikuwa mgumu kama mfupa, na waliufurahia ugumu ule.

Mvua ilipokuja udongo ulikunywa. Ulikunywa kama ng'ombe aliyetoka safari, ukavimba, ukazibana nguzo na kuzisukuma juu, hii zaidi ya ile. Asubuhi moja mama mkwe aliamka akasukuma mlango, mlango ukakataa. Ukuta ulikuwa umeung'ata. Alikaa ndani akitukana kwa sauti ya chini huku mwanawe akiung'oa kwa patasi. Ufa uliotokea juu ya dirisha ulikuwa mwembamba kama unywele. Baada ya siku chache ungeweza kutia kidole, kisha mkono. Kiangazi kiliporudi ardhi ilinywea na kupasuka, nguzo zikalegea kama meno ya mzee, na mvua zilizofuata zikauangusha ukuta wa nyuma.

Wakafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwao angefanya. Walichimba zaidi. Wakasimamisha nguzo nzito zaidi, wakanenepesha kuta. Nyumba ya pili ilianguka mchana, kwa ndani. Binti yao mdogo alikuwa ametoka kusuuza kikombe. Ni kikombe tu kilichomtoa. Mama alimkuta amesimama uani, maji yakimchuruzika mkononi, akitazama vumbi linalofuka pale alipokuwa ameketi.

Tangu siku hiyo mama mkwe alihamia jikoni, kibanda cha fito na turubai, akatandika mkeka wake karibu na mafiga. "Ardhi hii inatapika watu," alisema. "Nyinyi endeleeni kujilazimisha."

Kule juu, kwenye changarawe, nyumba ya mwashi ilisimama wima kama askari. Hakuwacheka. Alikuja kuwasaidia kuondoa kifusi, na ukimya wake uliuma kuliko kicheko.

Msimu wa mkaguzi ulipokaribia alifika kaka mkubwa wa Fundi, mfanyabiashara wa nafaka, na lori lake. Alizunguka vifusi viwili, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja msibani.

"Shemeji," alisema, "mtu hashindani na ardhi. Mkaguzi akiwafukuza mtatoka kwa aibu. Mkitoka nami, mtakuwa mmerudi tu nyumbani."

"Nyumbani wapi, shemeji? Kule ambako nikikunja goti nagonga ukuta wako?"

"Kuna chumba nyuma ya ghala. Fundi atanitengenezea masanduku. Wewe utamsaidia mke wangu kazi za ndani. Binti aende kwa dada yangu, watoto wenu wakubwa tutaona pa kuwaweka."

Alisema kwa upole. Hapo ndipo hofu ilipomshika mama yule, kwa maana mtu mkali unaweza kubishana naye. Aliwaona watoto wake wakigawanywa kama lile shamba la babu, kipande huku, kipande kule.

"Nitapakia gunia zangu huko mbele, nirudi siku ya mkaguzi," shemeji alisema. "Muwe tayari."

Alipoondoka Fundi aliketi kwenye gogo, akasugua viganja.

"Twende," alisema.

"Umesema twende?"

"Nimechimba mara mbili. Mara ya tatu nitakuwa nachimba kaburi la mtoto." Kisha akasema neno ambalo hakuwahi kulisema tangu siku ya kura. "Tulikuwa na changarawe."

Mkewe alichukua karai, akaenda kwenye kifusi kutafuta vitu vya kuokoa, kwa sababu mikono ikikaa bure moyo hupata nafasi. Alifukua sufuria, nusu ya kioo, blanketi. Kisha akafika kwenye kitanda. Udongo ulikuwa umekiangukia, ubao mmoja wa ubavuni umepasuka, lakini kitanda kilikuwa kimesimama. Nguzo zilizozikwa hadi kifuani zimelala chali. Kitanda, ambacho hakikuzikwa hata ukucha, kimesimama. Aliinama akatazama miguu yake. Chini ya mguu mmoja palikuwa na kipande cha mbao. Akakumbuka kwamba Fundi ndiye aliyekiweka wakati sakafu ilipoanza kuvimba, akaongeza kimoja, akakitoa, bila kuambiwa na mtu, kama mtu anavyopunguza utambi wa taa.

Alirudi kwenye gogo.

"Fundi, nitengenezee kitanda."

"Kitanda kipo."

"Kikubwa. Cha kutuenea sisi sote, na meza, na jiko la chai. Ukiezeke."

Fundi alimtazama kama unavyomtazama mgonjwa wa homa.

"Usizike nguzo," alisema mkewe. "Hata moja. Iweke juu ya mawe bapa, na kuta za mbao, nyepesi. Ardhi ikiinuka upande huu, tunatoa kabari. Ikishuka, tunapiga kabari. Iache ardhi ifanye mambo yake, na sisi tufanye yetu."

"Nyumba isiyo na msingi?"

"Yenye msingi umeiona."

Fundi akainama. Akaokota kijiti akaanza kuchora mavumbini, na mkewe akaondoka polepole, kama mtu anayemwacha ndege atulie kwenye mtego.

Walijenga mchana kutwa, wakisukumwa na mawingu. Mwashi alitoa mawe bapa ya changarawe yake, yale yale waliyoyakimbia, akayabeba mwenyewe kwa toroli. Wapita njia walisimama kushangaa nyumba yenye miguu. Mmoja aliuliza kama itafungwa kamba isitoroke. Mwingine, akimwona mama yule ametambaa matopeni na nyundo ya mti, akijaribu kona moja baada ya nyingine, akamwita Mama Kabari, na jina likakaa.

Mama mkwe hakupanda ngazi zake. "Sanduku la mbao lisilogusa ardhi," alisema, "mimi nalijua moja tu, na hilo watu huliingia wakiwa wamebebwa."

"Basi Mama lala jikoni," alisema mkwewe, "lakini mvua inakuja."

"Mvua nimeizoea. Kulala juu ya meza sijazoea."

Mvua zikaja. Nyumba ikalia, ikapinda, ikanyooshwa. Mama Kabari alijifunza kusikiliza. Ubao wa mlango ukilia sauti nyembamba, kona ya mashariki imepanda. Sakafu ikinguruma, kona ya jiko inazama. Aliamka akisikiliza, akapika akisikiliza. Kama kuna aliyemwona mwenye furaha siku zile, aliona vibaya. Alikuwa kama mtu anayebeba sufuria ya maji yanayochemka katikati ya watoto.

Siku ya mkaguzi ilianza kwa manyunyu. Habari zilitangulia, shamba hadi shamba: kwa muuza mkaa amekataa. Kwa wale ndugu wawili amekataa. Walioona walisema ana fimbo yenye ncha ya chuma, anaidunga kwenye misingi, na kopo la rangi nyeupe. Akiridhika anapaka alama kwenye mwimo wa mlango, asiporidhika anafunga kopo na kusema pole. Kutoka bondeni Mama Kabari aliweza kuona vitu vya muuza mkaa vimeshatolewa nje, godoro limeegemea mti, linaloa.

Lori la shemeji lilifika kabla ya mkaguzi. Shemeji hakuzima injini.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, mwenye kikohozi na viatu vilivyokwisha shindwa na matope. Alitazama mahindi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alitazama nyumba, akasimama.

"Hii ni nini, mama?"

"Nyumba, mkubwa. Karibu ndani."

Akapanda ngazi. Mama Kabari akamwekea kiti upande wa mashariki, mbali na jiko, kwa sababu tangu asubuhi kona ya jiko ilikuwa inazama. Fundi alikuwa amelala kifudifudi chini ya sakafu, katika matope, nyundo mkononi. Walikuwa wamekubaliana: akisikia mguu wa mkewe ukigonga sakafu, apige. Kikombe cha chai mezani kilianza kutembea. Kilitembea taratibu, kama mtu anayeaga bila kutaka kuonekana. Mama Kabari akakishika. Akagonga mguu.

Chini pakalia, ko, ko.

"Nini hiyo?" mkaguzi aliuliza.

Alikuwa na uongo tayari. Alikuwa ameupanga kuhusu kuku. Lakini yule mtu alikuwa anakohoa, macho yamemtoka machozi ya kikohozi, naye akaona kwamba akisema kuku atalazimika kuwafuga maisha yake yote.

"Ni mume wangu," alisema. "Anainua kona."

Mkaguzi akatoka, akainama, akatazamana na Fundi uso kwa uso chini ya sakafu.

"Habari za kazi," alisema mkaguzi.

"Nzuri, mkubwa," alijibu Fundi, akitema matope.

Mkaguzi akasimama. Akatafuta msingi wa kudunga fimbo yake, akakosa, akabaki ameishika. "Mama, sharti linasema nyumba ya kudumu. Ya kudumu haiinuliwi na nyundo."

"Zile ambazo haziinuliwi zimelala pale." Alimwonyesha vifusi viwili vilivyoota nyasi. "Zilikuwa na misingi ya kukufika kifuani. Nenda ukaidunge."

Shemeji alikuwa ameshuka kwenye lori, akasogea. "Mkubwa, usijisumbue. Hawa ni watu wangu. Hiyo ni kitanda tu, nami nimekuja kuwachukua."

"Na kweli," mkaguzi alisema polepole, "hii mtu anaweza kuipakia akaondoka nayo. Nikipaka alama leo, kesho kiwanja ni kitupu. Nani ananihakikishia?" Macho yake yakaenda jikoni, kwa mwanamke mzee aliyekaa kwenye mkeka wake chini ya turubai linalovuja. "Shikamoo, bibi. Wewe unaishi humu ndani?"

Jibu lilikuwa moja, na kila mtu uwandani alilijua.

"Marahaba," alisema mama mkwe. "Silali humo."

Mkaguzi akaanza kufunga kopo la rangi.

"Mwambie, Mama," shemeji alisema. "Mwambie ukweli tu, twende zetu. Baba anakungoja kule. Chumba nimekipaka chokaa."

Mwanamke mzee alimgeukia mwanawe wa kwanza. "Chumba gani?"

"Cha nyuma ya ghala."

"Nakijua. Ulinilaza humo baba yako alipokufa. Panya walikuwa wanapita juu ya blanketi, na mkeo akiniletea chakula alikisukuma kwa mguu mlangoni. Sikusema. Ningemwambia nani?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nilipanda lori lile si kwa kupenda uwanda. Leo unataka nimwangalie na huyu mkwe wangu akisukumiwa."

Injini ya lori iliendelea kunguruma nyuma ya shemeji kama mtu mwingine anayejibu kwa niaba yake.

Mama mkwe akakunja mkeka wake. Akavuka uani, akizama hadi kwenye vifundo, akamkataza mjukuu aliyekuja kumshika mkono, akapanda ngazi moja moja. Akatandika mkeka katikati ya sakafu, palipo wazi, akaketi. Ubao ukalia chini yake.

"Wewe mwenye fimbo," alisema. "Uliuliza nani anahakikisha. Mimi sipandi lori tena. Nilikuja kama gunia, siondoki kama gunia. Nikifa, hapo kwenye vifusi patanitosha, udongo umekwisha chimbwa. Sasa niambie kama hilo si la kudumu, maana mvua inaingia mlangoni."

Mkaguzi alikohoa. Alitazama mahindi tena, kisha vifusi, kisha miguu ya matope ya Fundi iliyojitokeza chini ya nyumba. Kwa muda hakuna aliyejua, na Mama Kabari alisema baadaye kwamba wakati ule alisikia kila tone lililoanguka kutoka paani. Halafu mkaguzi akachovya brashi, akapaka alama kwenye mwimo wa mlango, alama iliyopinda kwa sababu mwimo wenyewe ulikuwa umepinda.

"Piga hiyo kabari vizuri," alimwambia Fundi, akaenda zake shamba lililofuata.

Shemeji alikaa kidogo kwenye ngazi. Aliita "Mama" mara moja, kwa sauti ya chini, kama ya mtoto. Hakujibiwa. Lori likageuka, likaserereka, likashika barabara.

Kwa hiyo ukoo ule ukapata ardhi uwandani. Watoto hawakugawanywa. Walizaa humo na kupanua mashamba, na hadi leo mtoto wa ukoo ule akifikia umri wa kushika nyundo hufundishwa kuzunguka nyumba kabla ya kufundishwa kulima. Lakini siku ile hakuna aliyeona hayo. Siku ile watoto walipiga makofi, wakakimbia kumpelekea mwashi habari, Fundi akawafuata akiwa tope tupu, akicheka kama mlevi.

Mama Kabari alibaki uani. Kona ya jiko ilikuwa inazama tena. Alichukua nyundo akapiga magoti penye jiwe. Ndipo alipomsikia mama mkwe, juu yake, ng'ambo ya ubao mmoja tu. Alikuwa analia. Alilia kama watu wanaojizuia, kwa pumzi zinazokatika, na katikati akataja jina la mumewe, lile la ujanani, ambalo mkwewe hakuwahi kulisikia.

Pigo moja la nyundo lingemjulisha kwamba kuna mtu anasikia. Mvua ikaongezeka, ikampiga mgongoni. Sakafu ikanguruma, kona ikazidi kushuka. Mama Kabari akaishika nyundo mapajani, akaiacha kona ishuke.